KARATASI ZA JENERALI CLARK



Kila mmoja wetu anajua mstari wa mbele ya biro ya ekonoma. Unatoa feza ya minervali, unapewa karatasi ndogo, na nyumbani mzazi anakuambia: "Tunza hiyo resu, ile njo masomo yako." Tena tunawajua wenzetu waliolipa kabisa, lakini siku ya kuitwa majina hawakuwa na karatasi mkononi. Mambo yao yalikuwa magumu, hatuna haja ya kuyasimulia.

Leo tunataka kueleza habari ya mtu wa Marekani ya zamani ambaye shauri la namna hii lilimpata. Lakini kwake haikuwa feza ya mwaka mmoja wa masomo, ilikuwa feza ya vita nzima. Naye hakupoteza resu zake. Alizitunza, akazihesabu, akazipeleka kwa serikali yake, na ni serikali iliyosema: hatuzioni. Kwa sababu ya neno hilo alinyang'anywa karibu udongo wake wote, akazeeka katika madeni. Karibu miaka mia moja kiisha kifo chake, resu zile zikaonekana.

Jina lake ni George Rogers Clark. Wengine kati yetu walikwisha kusikia jina hilo katika jografia, kwa ajili ya safari ya Lewis na Clark waliovuka Marekani mpaka bahari ya Pasifiki. Yule ni mdogo wake, William. Huyu wetu ni mkubwa, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1752 katika Virginia, ambayo wakati ule ilikuwa bado koloni la Waingereza.

Mpima udongo

Clark hakusoma sana. Alipita muda mfupi katika shule moja ambayo James Madison, aliyekuwa Prezidenti baadaye, alisoma pia. Kiisha babu yake akamfundisha kazi ya kupima udongo. Walimu wetu wa lugha wangesikitika kusoma barua zake, maana aliandika maneno namna alivyoyasikia kwa sikio, bila kuogopa mtu. Lakini kwa hesabu ya udongo hakuwa mchezo.

Na kazi hiyo wakati ule ilikuwa kazi ya feza. Koloni za Waingereza zilikaa kando ya bahari. Upande wa magharibi kuna milima ya Appalachia, na ng'ambo ya milima kuna udongo mzuri wa mto Ohio, pahali tunapoita leo Kentucky, Ohio, Indiana na Illinois. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alikataza watu wake kuvuka milima ile na kujenga kule, kwa sababu kulikuwa na wenyewe: Washawnee, Wamiami, Wadelaware na mataifa mengine ya Waindiani. Watu walivuka tu. Clark alishuka mto Ohio mara ya kwanza mwaka 1772, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na mwaka 1775 alikuwa Kentucky anapima udongo kwa mshahara, huku akijiangalilia na yeye pahali pazuri.

Inafaa tueleze kidogo namna watu walivyopata udongo kule, maana bila hii karatasi za Clark hazieleweki. Kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1779, karatasi zilikuwa nne zikifuatana. Ya kwanza ilitoka kwa serikali, ikasema mtu fulani ana haki ya kupewa udongo kiasi fulani, bila kutaja ni wapi. Askari wengi walipewa karatasi hiyo kama malipo ya vita. Ya pili, mwenyewe anakwenda kwa mkubwa wa wapima na kuandikisha katika buku: mimi nataka pahali hapa. Ya tatu, mpima anafika pale na mnyororo wake, anatia alama kwenye miti, anachora ramani. Ya nne ni cheti chenye mhuri, kinachotoka katika mji mkuu, mbali, ng'ambo ya milima. Wale ambao wazazi wao walitafuta karatasi za parseli moja tu katika mji, wataelewa haraka.

Ubaya ulikuwa kwamba mipaka iliandikwa kwa miti na vijito. Mti unakatwa, kijito kinageuza njia. Tena watu wawili au watatu waliandikisha pahali pamoja bila kujuana, na udongo wa huyu ukalala juu ya udongo wa yule sawasawa na mabati juu ya nyumba. Daniel Boone, mtu mashuhuri kupita wote wa Kentucky, alipoteza udongo wake wa kule kwa sababu ya karatasi zisizokamilika. Basi tusifikiri kwamba nchi ile ilikamatwa kwa bunduki tu. Bunduki ilipita kwanza, lakini karatasi njo iliyobaki.

Barua mbili za siku moja

Vita vya Wamarekani na Waingereza vilianza mwaka 1775. Mwaka 1776 Clark alikwenda Williamsburg, mji mkuu wa Virginia, kuomba baruti kwa watu wa Kentucky. Akapewa ratili 500. Mwaka uliofuata akarudi na shauri kubwa zaidi. Katika inchi ya Illinois kulikuwa na miji midogo ya Wafaransa iliyokuwa mkononi mwa Waingereza. Toka huko na toka Detroit, alisema, Waindiani wanapewa silaha za kupiga Kentucky. Yeye alitaka kwenda kuikamata miji hiyo.

Tarehe 2 Januari 1778 guverneri Patrick Henry alimpa barua mbili. Moja ilikuwa ya kuonyesha watu: Clark aandike askari kwa kulinda Kentucky. Ya pili ilikuwa ya siri: Clark apige Kaskaskia, upande wa mto Mississippi. Askari waliojiandikisha hawakujua kabisa wanakwenda wapi. Pamoja na barua alipewa paundi 1,200 za feza ya karatasi, ambayo ilikuwa inapoteza nguvu kila mwezi. Sisi hapa hatuna haja ya kuelezwa namna gani feza ya karatasi inaweza kuoza mkononi.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa, maana mzizi wa shida yote uko katika siku hii. Serikali ilimtuma mtu mbali, kwa siri, na feza kidogo, ikamwambia afanye awezavyo. Kitakachopunguka atakinunua kwa deni. Na nani atatia sahihi kwenye deni? Yeye mwenyewe.

Alishuka Ohio na watu kama 175, wakatembea kwa miguu toka mtoni, na usiku wa tarehe 4 Julai 1778 wakaingia Kaskaskia bila kupiga bunduki hata moja. Wafaransa wa pale waliposikia kwamba mfalme wa Ufaransa amefanya urafiki na Wamarekani, wengi walikubali kuwa upande wake, na padri wao, Pierre Gibault, alisaidia mji wa Vincennes ukubali pia. Lakini mwezi wa Desemba mwingereza Henry Hamilton akashuka toka Detroit, akairudisha Vincennes mkononi mwake.

Mambo yaliyofuata ndiyo yaliyompa Clark jina. Mwanzo wa Februari 1779 akatoka Kaskaskia na watu kama 170, karibu nusu yao Wafaransa. Mito ilikuwa imefurika. Siku za mwisho walitembea ndani ya maji ya baridi, pengine mpaka kifuani, bunduki juu ya kichwa, chakula hakuna. Walifika tarehe 23, na tarehe 25 Hamilton akatoka ngomeni na kujitoa.

Habari hizi tunazijua kwa karatasi mbili za Clark mwenyewe. Moja ni barua ndefu aliyomwandikia rafiki yake George Mason mwezi wa Novemba 1779, mambo yakiwa bado ya moto. Nyingine ni kumbukumbu aliyoandika kama miaka kumi kiisha, alipokwisha kuwa mtu wa kulalamika. Si karatasi za namna moja. Katika barua, kijana anamweleza mkubwa wake kazi aliyofanya. Katika kumbukumbu, mtu aliyeumizwa anataka watu wajue kwamba alikuwa na akili tangu mwanzo. Kwa maoni yetu barua inapita kumbukumbu, lakini mwalimu wa historia atatuambia tusitupe hata moja, na yeye ana haki.

Sahihi yake kila pahali

Tuje sasa kwa resu. Jeshi linakula kila siku. Linataka mahindi, nyama, chumvi, baruti, ngozi, viatu, mitumbwi, dawa, na tafia ya askari. Kila mara Clark au ofisa wake alipochukua kitu kwa mtu, aliandika karatasi: tumepokea hiki, bei yake hii, Virginia italipa. Maelfu ya karatasi ndogo. Kwa deni kubwa aliandika karatasi ya namna ya sheki, iliyopelekwa New Orleans kwa Oliver Pollock, mfanya biashara aliyezaliwa Ireland, wakili wa Virginia kule. Pollock alilipa, akalipa tena, akakopa kwa Wahispania apate kulipa, mpaka mfuko wake ukaisha. Serikali ilichelewa kumrudishia, na yeye akazuiliwa Havana kwa ajili ya madeni yaliyokuwa ya vita, si yake.

Mwingine alikuwa François Vigo, mtaliani mfanya biashara wa Saint Louis. Njo yeye aliyemletea Clark habari kwamba Hamilton yuko Vincennes na askari wachache. Vigo alitoa vitu na feza, akapewa karatasi ya tarehe 4 Desemba 1778, yenye dola 8,616, ya kulipwa na Pollock. Pollock hakuwa na kitu tena. Vigo akaiweka karatasi. Tutaikuta tena mwishoni.

Vita vilipopungua, Virginia ilituma watu wa kuangalia hesabu za magharibi. Clark akatoa vitabu vyake na resu zake, mizigo na mizigo. Jibu halikuwa zuri. Wakubwa waliuliza: dola hizi ni za feza nyeupe, ao ni za karatasi? Maana dola ya karatasi wakati ule ilikuwa karibu bure. Wengine walinong'ona kwamba maofisa wa Illinois wamejinunulia vitu kwa jina la serikali. Tena Januari 1781 Waingereza, wakiongozwa na Benedict Arnold, waliingia Richmond, mji mkuu mpya, wakachoma moto, na karatasi nyingi za serikali ziliharibika. Kwa muda mrefu watu wengi walifikiri kwamba resu za Clark zilipotea tu, zimekwisha kabisa. Kumbe sivyo.

Mwaka 1783 Virginia ikamwondoa kazini kwa sababu haikuwa na feza ya kumlipa. Yeye ndiye aliyeiandikia guverneri kuomba angalau sehemu ya mshahara wake apate nguo.

Udongo

Feza haikuwako, lakini udongo ulikuwako, ao tuseme Virginia ilisema ni wake. Iliwaahidia askari wa Clark eka 150,000 ng'ambo ya Ohio, katika Indiana ya leo, ndiyo hektari kama 60,000. Eka 1,000 zilitengwa kwa mji, nao ukaitwa Clarksville. Askari mtupu alipata eka 108. Clark mwenyewe alipata eka 8,049, karibu hektari 3,260. Virginia ilipoitolea serikali kuu ya Marekani inchi yote ya ng'ambo ya mto, mwaka 1784, iliandika sharti kwamba udongo huo wa askari uheshimiwe, na tena Virginia irudishiwe feza iliyotumia kwa vita vile. Angalieni vizuri: Virginia ilikumbuka kudai feza yake. Ya Clark ilikuwa bado.

Kwa muda Clark alikuwa mkubwa wa wapima wa udongo wa askari wa Virginia. Alijua kupita wote namna ya kuongoza karatasi nne zile toka mwanzo mpaka mwisho. Haikumsaidia. Wafanya biashara waliokuwa na karatasi zenye sahihi yake walimshitaki yeye, si serikali, maana jina la chini lilikuwa lake. Kila udongo ulioandikwa kwa jina lake ulikuwa sawasawa na nyama iliyowekwa nje usiku. Basi akaandikisha mwingine kwa majina ya ndugu zake. William, yule mdogo wake, aliacha jeshi mwaka 1796 na kutumia miaka kwa kutengeneza mashauri ya kaka yake, kabla ya kwenda safari yake kubwa. Mwisho Clark alibaki na kipande kidogo cha udongo Clarksville, na kinu kidogo cha kusaga, na nyumba ya miti juu ya maporomoko ya Ohio. Pale Lewis na William walianzia kushuka mto pamoja mwezi wa Oktoba 1803.

Tusimfanye kuwa malaika. Clark alikunywa sana, rafiki zake wenyewe waliandika hivyo. Mwaka 1786 safari yake ya kupiga Waindiani wa mto Wabash iliharibika, askari wengi wakamwacha. Na mwaka 1793 alikubali kazi ya mjumbe wa Ufaransa, akusanye watu wa kupiga inchi ya Wahispania, jambo ambalo serikali yake ililikataza, akapata madeni mapya juu ya yale ya zamani. Lakini habari mbaya zilizompeleka chini ziliongezwa na mtu. Wataalamu wengi wa historia wanaona mkono wa James Wilkinson katika barua za kumchafua zilizofika Virginia. Wilkinson alikuwa ofisa mkubwa. Kiisha kifo chake karatasi za serikali ya Hispania zilionyesha wazi kwamba alikuwa akipokea feza ya Wahispania kwa siri, huku akivaa nguo ya jenerali wa Marekani. Na yeye pia alisemwa na karatasi, ila kwake zilisema kinyume.

Mwaka 1809 Clark alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akaanguka motoni, mguu ukaungua vibaya mpaka wakaukata. Akapelekwa kwa dada yake Lucy, pahali panapoitwa Locust Grove, karibu na Louisville. Mwaka 1812 Virginia ikamkumbuka, ikampa upanga wa heshima na dola 400 kwa mwaka. Alikufa tarehe 13 Februari 1818.

Mtu wa masanduku

Sasa karatasi zenyewe ziliokoka namna gani?

Hapa tunamkuta Lyman Draper, mtu mfupi, mwembamba, aliyezaliwa mwaka 1815, ambaye hakupiga vita hata kimoja. Aliona kwamba wazee wa vita vya magharibi wanakufa na habari zao, na barua zao zinaliwa na panya. Basi akaanza kutembea, kwa farasi, kwa mashua, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiuliza wazee na kuandika majibu yao, akiomba barua zilizokuwa katika masanduku ya familia. Kutoka mwaka 1854 alikuwa sekretari wa Chama cha Historia cha Wisconsin, katika mji wa Madison. Alikusanya karatasi nyingi sana, hata leo zimefungwa katika mabuku karibu 500, na herufi J ndiyo ya Clark.

Draper alitaka kuandika maisha ya Clark na ya Boone na ya wengine wengi. Kila mara alitaka karatasi moja zaidi kabla ya kuanza. Alikufa mwaka 1891, na maisha ya Clark hayakuandikwa. Familia fulani zililalamika kwamba walimkopesha barua na hawakuziona tena. Walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini lazima tuseme pia kwamba nyumba nyingi za wakati ule ziliungua, na zilizokuwa Madison hazikuungua. Sisi tuliojadiliana juu ya habari hii hatukupatana. Wengine walisema alikuwa mwizi wa heshima, wengine walisema bila yeye tungekuwa na hadithi tu.

Mwalimu mmoja wa chuo, James Alton James, alichapisha barua na amri za Clark katika mabuku mawili, la kwanza mwaka 1912, la pili mwaka 1926. Katikati ya miaka hiyo likatokea jambo la ajabu. Huko Richmond, chini ya dari ya nyumba ya wahesabu wa serikali, zikakutwa furushi nyingi za karatasi za zamani zilizofungwa kwa kamba. Ni resu za Clark. Si kumi, si mia: maelfu kwa maelfu. Mahindi ya fulani, ng'ombe wa fulani, siku za kazi za mshona viatu, boti iliyotengenezwa. Yote ilikuwako pale alipoipeleka, katika mikono ya serikali ile ile iliyomwambia kwamba haina kitu cha kumhakikishia.

Wataalamu walipozifungua waliona hesabu zilizotunzwa vizuri kuliko vile watu walivyofikiri juu ya mtu wa porini. Virginia ilikuwa imekwisha kulipa warithi wake dola 30,000 miaka kadhaa kiisha kifo chake, kama sehemu ya deni. Kwa Clark mwenyewe ilikuwa kuchelewa sana.

Wasioandikwa

Kuna neno lingine hatuwezi kuliruka. Katika karatasi hizi zote, wenye udongo wa kwanza hawana sauti yao. Mwezi wa Agosti 1780 Clark alichoma miji ya Washawnee, Chillicothe na Piqua, na mashamba yao ya mahindi, wakati wa mahindi kukomaa. Mwaka 1782 akarudi, akachoma tena. Mbele ya ngome ya Vincennes aliamuru wafungwa Waindiani wachache wauawe kwa shoka, ili walio ndani waone na kuogopa. Hatusingizii mtu: yeye mwenyewe aliliandika, bila kuficha. Kwake ilikuwa njia ya vita.

Na Washawnee waliokimbia njaa mwaka ule hawakuwa na resu ya mahindi yaliyochomwa. Hakuna mhesabu aliyewatafuta. Eka zile 150,000 zilipimwa kwa mnyororo, zikagawanywa kwa hesabu ya haki kati ya askari, kila mmoja na karatasi yake, juu ya inchi ambayo watu wake hawakutia alama kwenye mti hata mmoja kwa sababu waliijua tangu babu zao.

Katika karatasi za familia ya Clark kuna na watu wengine. Baba yao alipokufa mwaka 1799, wasia wake uligawanya watumwa kati ya watoto sawasawa na vitu vya nyumba. Mmoja wao, York, alikuwa fungu la William, na akaenda pamoja naye mpaka Pasifiki na kurudi, bila mshahara. Kinu cha Clarksville pia kilifanyiwa kazi na watumwa. Clark alilia miaka thelathini kwamba alifanya kazi na hakulipwa. Tulipofika hapa katika masomo yetu, mmoja wetu alicheka kidogo, kiisha akanyamaza, na sisi wote tulijua kwa nini.

Inabaki karatasi ya Vigo, ile ya dola 8,616. Vigo aliishi maisha marefu, akazeeka, akawa maskini. Alidai Virginia, ikasema waone serikali kuu. Alidai serikali kuu, ikataka aonyeshe hiki na kile. Alikufa mwaka 1836 bila kupokea kitu. Warithi wake waliendelea, wakafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1876, karibu miaka 98 toka Clark alipotia sahihi, mahakama iliamua kwamba deni lilipwe pamoja na faida yake ya miaka yote ile, na jumla ilikuwa karibu dola 50,000.

Kabla ya kufa Vigo alikuwa ameandika katika wasia wake kwamba serikali ikilipa siku moja, dola 500 zitolewe zinunue kengele ya nyumba ya mahakama ya wilaya inayoitwa kwa jina lake, katika Indiana. Feza ikatoka, kengele ikanunuliwa, ikapandishwa katika mnara wa mahakama ya mji wa Terre Haute.